Vijana wanasoma, wanaotuangusha ni watu wazima wa "nipe nakala basi"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji wenu aliyelalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasomi, wanajua simu tu. Mi ni mwandishi wa riwaya za vijana, wa kuanzia kidato cha kwanza mpaka hawa waliomaliza cha nne wako nyumbani wanasubiri matokeo, na kitabu changu kipya kimetoka mwaka huu, kwa hiyo haya sijahadithiwa.

Nakala 500 zilikuja na basi kutoka Dar nikazipokea stendi ya Nyegezi hapa Mwanza usiku wa manane karibu, bodaboda akagoma kubeba maboksi yote kwa safari moja. Sikusubiri kufika nyumbani, nilipasua boksi moja palepale chini ya taa nihesabu kurasa, maana kitabu changu cha kwanza kiwandani walichanganya, ukurasa wa 33 hadi 48 ukajirudia na wa 49 hadi 64 haupo kabisa, yaani mhusika wangu anapanda pantoni pale Kamanga, anapanda tena, na hafiki ng'ambo. Safari hii kurasa zote zilikuwepo. Nikakaa juu ya boksi nikacheka peke yangu, mlinzi akawa ananiangalia tu.

Hela ya kuchapa, milioni mbili na laki mbili na nusu, nilikopa kikoba.

Sasa tuje kwa hao wasiosoma. Jumamosi naweka meza Makoroboi pembeni ya duka la shoga yangu, kitabu kimoja nauza elfu kumi. Kuna binti wa sekondari alikuja na sare ya shule na kapu la nyanya, akachukua kitabu akasoma amesimama, nyanya chini, jua linampiga, nikajua ataondoka baada ya ukurasa mmoja lakini wapi, ilipita karibu saa nzima. Akaondoka bila kusema kitu. Jumamosi iliyofuata kaja tena na kafungua moja kwa moja, ndo nikaona kumbe alichomeka njiti ya kiberiti pale alipoishia. Mara ya tatu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nikikimaliza hivi hivi nitakuwa nimekuibia?" Aisee sikuwa na jibu.

Huyo ndo kijana asiyesoma!

Ila watu wazima sasa. Mtu kapaki gari, kapita Kirumba kanunua sangara mzima bila hata kubishana bei, akifika kwangu "hongera sana mwandishi wetu, tupe basi nakala tukusapoti." Unisapoti kwa kuchukua? Ndugu wa ukoo nao kila mmoja anataka yenye sahihi, na kwenye grupu la WhatsApp la mtaa mmoja akaandika "tuma pdf" mbele ya watu, wakampigia makofi.

Na wenye maduka msijifiche. Duka moja hapa mjini lilichukua nakala 40 mali kauli, makubaliano elfu saba kila moja baada ya kuuza. Nimepita juzi nikahesabu mwenyewe kwenye rafu, zimebaki 11. Ina maana 29 zimetoka, laki mbili na elfu tatu yangu, naambiwa "njoo wiki ijayo dada, bosi kasafiri." Huyu bosi tangu nimjue anasafiri, na mwenzangu anayewauzia daftari analipwa siku hiyohiyo.

Shuleni ndo kwenye wasomaji wenyewe lakini mwalimu mkuu anauliza kwanza ithibati, na bila kupita Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kitabu cha ziada hakiingii darasani. Sipingi, watoto ni wa kulindwa, ila ithibati ina foleni yake na kikoba hakina foleni, riba iko mlangoni kila Jumapili. Halafu namkumbuka mzee Aniceti Kitereza wa hapo Ukerewe, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikaja kuchapwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye akafariki 1981. Nikipiga hiyo hesabu naona bora hata mimi nadaiwa.

Ombi langu kwenu Mhariri ni moja. Rudisheni ile hadithi ya mfululizo, zamani hapa mtaani gazeti lilikuwa likifika watu wanafungua kurasa za ndani kwanza kuona mhusika kapona au kafa, habari za siasa baadaye. Gazeti moja linapita mikono kumi, na hawa watoto hawana elfu kumi ila gazeti la baba lipo mezani. Sura ya kwanza ya kitabu changu nawapa bure, najua nimetoka kuwasema watu wa bure, lakini hiyo natoa kwa hiari yangu.

Jumamosi hii niko Makoroboi kama kawaida. Ile nakala yenye njiti siiuzi, iko chini ya meza, njiti iko ukurasa wa 71.

Mwandishi wa riwaya,
Igoma, Mwanza.