Akina baba wenye vespa mbovu, muachieni mtoto spana

Assalaam alaykum wazee wenzangu, na nyie vijana mlokwisha kuwa akina baba, hasa wa hapa Unguja, mjini na Ng'ambo, mlioanza kuzitoa uani zile vespa za wazee wetu na kuzifufua pamoja na watoto. Nnafurahi sana, nnafurahi kweli, lakini jioni nikipita namuona baba kainama juu ya injini na mtoto kasimama pembeni kashika tochi saa nzima hana analofanya, na hilo ndo lilonifanya niandike.

Mie nilianza na mwanangu wa kiume akiwa na miaka 16. Vespa ya marehemu baba yangu, 150 Super, zile zilizoanza kutoka kiwandani Italia 1965. Siku moja nikamwambia funga plagi ya injini, akaitia upande alafu akaikaza kwa spana, na silinda hedi, kile kichwa cha injini inapoingia plagi, ni aluminiamu haiwezi kushindana na chuma, nyuzi zote za tundu la plagi zikakatika. Nikamnyang'anya spana mbele ya wenzake na maneno nilomwambia siku ile sitaki kuyaandika hapa. Hedi ilikwenda kwa fundi wa kuchonga vyuma ikatiwa nyuzi mpya, siku mbili tu kazi ikesha. Mwanangu hakuishika tena ile vespa. Sasa ni mtu mzima ana watoto wake, tunaongea vizuri alhamdulillahi, ila vespa akiiona anapita. Na kosa lilikuwa langu, mana plagi unaanza kuizungusha kwa vidole mpaka ikae ndo uchukue spana, na mie hilo sikumfundisha, nilimpa kazi nikataka awe anaijua.

Vespa ile ile nimekuja kuifungua upya na binti yangu wa mwisho, miaka 15. Wapo walosema mtoto wa kike na oili wapi na wapi, niliwaacha waseme. Vidole vyake vinafika pale kwenye kabureta pasipofika vyangu, na subira kanishinda mbali.

Sasa sikilizeni hili. Waya za gia za vespa ni mbili, zinatoka mkono wa kushoto wa usukani zinapita ndani ya bodi mpaka chini kwenye injini, moja inavuta huku nyengine huku. Binti akazifunga, nikaona kazipishanisha. Ulimi uliniwasha nakwambieni. Nikainuka nikenda zangu msikitini kusali Alasiri, nikarudi nikanywa chai, sikusema kitu. Kesho yake yupo pale chini anageuza mkono, anatazama, anageuza tena, kanyamaza, alafu akasema peke yake "mbona nikipandisha inashuka?" Akachukua simu akatazama picha alizopiga kabla hatujafungua, akacheka, akazibadilisha. "Baba njoo uone!" Nikenda nikaona kama ndo naona mara ya kwanza.

Kwa hiyo mtoto apige picha kila kitu kabla bolti ya kwanza haijalegezwa, na nati azitie kwenye makopo ya maziwa aandike mwenyewe kopo lipi la nini. Akikosea kitu kisichoumiza mtu, nyamaza. Kinachoumiza hapo usinyamaze hata kidogo, na nitavitaja. Tangi litolewe lipelekwe mbali kabla fundi hajachomelea chochote, na msidanganyike kuwa tangi tupu ni salama, tangi tupu limejaa mvuke wa petroli na ndo linaloripuka. Breki za zamani vumbi lake lina asbesto, unga wa mawe unaodhuru mapafu, msipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, futeni kwa kitambaa cha maji. Rangi ya zamani nayo isugueni kwa msasa wa maji, huenda ina madini ya risasi ndani, ni sumu.

Na lile bati la chini tunapoweka miguu. Vespa haina fremu ya bomba kama pikipiki nyengine, bodi yake ndo chesisi yenyewe, na hewa yetu hii ya chumvi inaanzia kula pale. Nimeona watu wanajaza puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, wanapaka rangi inang'aa, alafu juu yake wanamkalisha mtoto wao. Hapana jamani. Kateni bati bovu lote, litiwe jipya, hata kama itabidi msubiri miezi mpate hela.

Wala msiweke tarehe ya kumaliza. Sie mitihani ilisimamisha kazi, Ramadhani tulikuwa tunashika kidogo tu baada ya tarawehe, mwaka ukapita. Siku injini ilowaka alipiga kiki binti mwenyewe, na kuchanganya oili ni kazi yake mpaka leo, mililita 100 kwa petroli lita 5, anapima kwa chupa yake ya dawa ya kikohozi wala hataki mtu aiguse. Barabarani bado, mpaka leseni na helmeti.

Mkifika kwenye magineti, lile gurudumu zito la sumaku pembeni ya injini, tafadhalini msiigonge kwa nyundo, inapasuka, inataka pula yake maalumu, kifaa cha kuivutia nje. Mie ninayo, nakaa Kikwajuni, kila siku baada ya Alasiri nipo barazani. Anayeitaka aje achukue bure, ila aje na mtoto wake, na pula nitampa mtoto mkononi.