Yaya, ile nyumba ya Bulengo usiikodi

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa,

Ujumbe wako nimeusoma kwenye kundi la familia, pamoja na ile picha. Unataka turudi wote Bulengo, huku kwetu Goma, kwa Pasaka, nyumba ile ile ya ufukweni mwa Ziwa Kivu, visamaki vya sambaza vya kukaanga jioni barazani, watoto wajuane kabla hawajawa watu wazima wasiosalimiana. Mashangazi na mababa wadogo wameshakubariki. Mimi sikujibu, na najua uliliona hilo, maana ulimpigia mama mdogo kumuuliza kama bado nimenuna.

Sijanuna. Naandika hapa mbele za watu kwa sababu kule kundini kila nikianza kuligusa jambo hili, kuna anayenikata kwa sala ya amani.

Picha ile niliipiga mimi. Papa, baba yetu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, koti la mvua mabegani, mbwa wake Bobi na Simba wamelala miguuni pake, ziwa nyuma yao limefanana rangi na mawingu. Chini yake umeandika, "Siku zetu nzuri." Kesho yake asubuhi Bobi alikuwa amekufa.

Nakubali kwamba zilianza vizuri. Pasaka ya 2019, mwezi wa nne, nani asiyejua mvua ya Goma mwezi wa nne? Wanao walitarajia mchanga kama wa Gisenyi, wakakuta mawe meusi ya volkano yanayochana nyayo. Hata hivyo walifurahi. Kivu haina mamba wala kiboko, mtoto anaoga na mzazi anakula bila roho juu. Mvua ikipumua kidogo, Bobi anajitupa majini kufuata kijiti, anarudi kujikung'uta katikati ya watoto, nao wanatawanyika wakipiga kelele. Ulicheka mpaka ukajishika mbavu. Tangu tumzike Mama sikuwa nimekuona ukicheka hivyo, na siku ile nilimshukuru Mungu kwamba umekuja.

Halafu ukaja usiku wa Jumamosi.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba tulizungumza kwa kupaza sauti. Shemeji alilalamikia harufu ya manyoya mabichi, na mtoto mchanga alikuwa anakohoa. Hilo nalielewa, mwenye mtoto ana haki yake. Papa akasema, basi walale jikoni, kule chini ya nyumba kuna mashimo, usiku si pazuri. Ukajibu kwamba mbwa hawalali mahali panapopikwa chakula. Akarudia tena, kwa upole ule ule wake. Ndipo ukasema: "Papa, nyumba hii nimeilipa mimi."

Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka mezani, akakizungusha mpaka mkono wake ukaelekea ukutani, akakizungusha tena ukamwelekea yeye. Kisha akainuka, akaenda kulala. Hakumuaga mtu yeyote, Papa ambaye hakuwahi kulala bila kutaja jina la kila mtu aliyemo nyumbani. Wewe ukafunga komeo. Mbwa wakakwaruza mlango kwa muda, halafu mvua ikafunika kila kitu.

Mtu wa Goma haelezwi mazuku ni nini. Lakini wanao wamekulia Ulaya, na huenda siku moja wakasoma hapa, kwa hiyo nawaandikia wao. Ni gazi inayopanda kutoka ardhini, kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa tunayovuta. Haina rangi, na pua haikuonyi. Inatuama kwenye mashimo na mabonde ya mawe ya volkano, hasa usiku na alfajiri pasipokuwa na upepo. Mtu mzima akisimama, kichwa chake huenda kikawa juu yake. Mtoto na mbwa wanakuwa ndani yake kabisa. Mkiona shimo lenye mijusi na ndege waliokufa, msishuke, hata kama mpira wenu umeangukia humo. Asubuhi subirini upepo wa ziwa. Na mkubwa akiwaambia "pale hapana", msimuulize nani kalipa.

Wewe, Yaya, hukuhitaji kuambiwa. Tulipokuwa wadogo Papa alitupeleka kwenye mawe, akafunga mshumaa kwenye ncha ya fimbo, akaushusha shimoni. Mwali ulizimika ghafla kama umebanwa kwa vidole. Nililia, nikakimbilia nyuma yake. Mara ya pili fimbo uliishika wewe.

Bobi tulimkuta chini ya mwamba uliokuwa unakinga mvua. Alikuwa amelaza pua juu ya miguu ya mbele, sikio moja limegeuka nje. Simba alisimama ukingoni akibweka, hashuki. Papa alitaka kushuka. Nilimkamata koti kwa mikono miwili, nikamng'ang'ania kama mtoto. Tulisubiri mpaka upepo ukaamka, mvuvi mmoja akaja na upondo wa mtumbwi wake, akamvuta. Wewe ukatoka barazani ukasema, "Tumshukuru Mungu si mtoto."

Ni kweli. Lakini asubuhi ile Papa alihitaji neno lingine kutoka kwako, na mpaka alipokufa hakulipata.

Watu wanasema nilikuvunjia heshima mbele ya shemeji. Wanasema nilitoboa familia kwa ajili ya mbwa. Sasa wanisikie. Usiku ule sikusema kitu kwa sababu mdogo hamkati yaya wake maneno baba yao akiwa ameketi pale. Asubuhi nilisema kwa sababu baba alikuwa amenyamazishwa. Ningekaa kimya mimi pia, watoto wangejifunza kwamba mwenye pesa ndiye baba. Nilipanda pikipiki na Simba mapajani, mvua ikitupiga mpaka mtaa wa Himbi, na leo hii ningefanya vile vile. Papa alibaki mpaka likizo yako ikaisha. Hakutaka uaibike.

Wema wako nao siufichi. Volkano ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye tukaamriwa kuhama mji, pesa zako ndizo zilizotulisha. Kwenye barabara ya Sake watu walikuwa wamebanana, magari hayasogei, magodoro vichwani. Papa alitembea na Simba kwa kamba mpaka tukafika. Ukapiga simu ukamuuliza, "Mbwa wa nini wakati watu wanakimbiza roho zao?" Hakukujibu. Alinipa simu, akainama kumnywesha Simba maji kwenye kiganja chake. Nilikudanganya kwamba mtandao ni mbaya.

Kwenye matanga yake ulilia sana, na niliamini kila chozi. Nilikuwa nakungoja upande wa jikoni, nikidhani utakuja uniambie neno moja tu kuhusu ile nyumba. Ulikuja ukauliza kama sahani zinatosha.

Basi njoo. Nakutaka uje, tena kwa moyo wote, na shemeji, na watoto. Lakini si Bulengo. Pale mimi siwezi kukaa mezani na wewe nikala samaki. Tukae hapa kwangu, vyumba tutagawana, watoto walale chini kama tulivyolala sisi. Simba ni mzee sasa, macho yameingia ukungu, harufu yake imezidi, na mvua ikinyesha analala sebuleni. Halitabadilika hilo kwa sababu ya mgeni, hata mgeni huyo akiwa wewe.

Na wanao uwaambie kabla hamjafika. Wakubwa wanakumbuka kwamba Bobi alikufa, lakini uliwaambia alikuwa mgonjwa. Mkubwa wako aliniuliza kwenye simu mwaka jana alikuwa na ugonjwa gani, nikamwambia amuulize mzazi wake. Akiniuliza tena akiwa amesimama hapa mbele yangu, nitamjibu.

Usipotaka kuandika kundini, nipigie. Namba yangu haijabadilika.

Mdogo wako,
Goma