Masta, selfu, apatimenti: jamani tuelezwe tunauziwa nini

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama ni mkubwa kwangu, na kama ni mdogo basi pole na kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu haya matangazo ya nyumba zinazouzwa. Mi nauza dagaa hapa mwaloni Kirumba miaka mingi sasa, nimedunduliza hela kidogo kidogo nikasema mwaka huu lazima niache kupanga, na tangu mwezi wa pili nazunguka na madalali, Buswelu, Kiseke, Nyasaka, Igoma mpaka Buhongwa, na kilichonichosha sio bei wala jua, ni maneno.

Hili la apatimenti ndo limeniumiza zaidi. Tangazo lilikuja kwenye simu, apatimenti inauzwa Buswelu, vyumba viwili kimoja masta, ndani ya fensi, milioni 38. Mi najua apatimenti ni ghorofa, unapanda ngazi. Nafika nakuta nyumba ya chini, ndefu, ina milango minne, kila mlango na familia yake, geti moja, mita ya maji moja, LUKU moja wanachangishana kila umeme ukiisha. Nikauliza hati, dalali akasema ipo mamaangu, safi kabisa. Kweli ilikuwepo, ila ni moja ya kiwanja kizima na ina jina la mwenye nyumba, yani ningetoa milioni 38 zangu nikabaki na karatasi ya mauziano ya mlango mmoja, siku akifa wanae wakaja nitaanzia wapi? Kijana wangu anasoma chuo pale Malimbe akanieleza kwamba sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ipo tangu 2008, mtu anaweza kupewa hati ya sehemu yake peke yake, na vile vya pamoja kama ngazi na paking vikawa vya wote. Sasa kama mwenye nyumba hajapita hiyo njia tangazo liseme tu, mlango mmoja kati ya minne, hati haijagawanywa. Mbona ni maneno machache.

Na hiyo "ndani ya fensi" nayo, fensi ya nani? Fensi yangu peke yangu na fensi ya watu wanne ni vitu viwili tofauti kabisa. Nyumba ya kujitegemea tunavyoelewa sisi ni ile iko peke yake kwenye kiwanja chake, geti lake, LUKU yake. Ila siku hizi mtu anaandika kujitegemea kumbe anamaanisha ina choo chake tu. Selfu ndo vurugu kabisa, mwingine akisema nyumba selfu anamaanisha choo kiko ndani ya nyumba, kimoja, cha wote, mwingine anamaanisha kila chumba kina choo chake, na hicho cha pili ndo wengine wanakiita masta. Mi naishi na mama yangu mzazi, magoti yanamsumbua, usiku hawezi kutoka nje kwenda chooni. Kwangu mimi hilo neno ndo nyumba yenyewe.

Bangaloo nitapita haraka. Mtoto wa dada yangu yuko Nairobi, anasema kule bangaloo ni nyumba ya chini na yenye ngazi ndani wanaiita mesoneti, na nasikia hata neno lenyewe lilitoka India, nyumba za chini za mtindo wa Bengal. Hapa kwetu nimeonyeshwa ghorofa naambiwa bangaloo, basi tu kwa sababu ni kubwa na ina vigae.

Sasa boma. Mhariri hapa watu wanaliwa hela sana. Boma ni kuta, halina paa. Pagale ni nyumba ambayo haijaisha ikaachwa, inaweza kuwa na bati au isiwe nalo, na kama imekaa mvua nyingi lazima fundi aiangalie nyufa kabla hujatoa hata shilingi, hasa hizi za mlimani kwenye mawe yetu, msingi umekaa nusu juu ya jiwe nusu juu ya udongo. Gofu ni nyumba iliyokwisha kuchakaa, hapo unanunua kiwanja na kazi ya kubomoa. Niliambiwa boma limeisha, nikaenda Nyasaka na fundi wangu, akaniambia mama hili limefika linta tu, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, bado kozi za juu, bado kupaua, bado grili, lipu, waya, mabomba, shimo la choo, marumaru, rangi. Mwenye nyumba anasema imefika asilimia 80, asilimia 80 ya nini? Fundi akanipigia hesabu pale pale kwenye karatasi ya sigara, iliyobaki ilikuwa hela nyingi kuliko aliyokwisha kuitumia yule baba.

Kwenye karatasi ndo usiseme. "Kimepimwa" sio "kina hati", kupimwa ni bikoni, zile alama za mipaka, zimewekwa na kiwanja kina namba, hati ni kitu kingine. Ofa ni barua tu ya kupewa kiwanja kabla ya hati, leseni ya makazi ni ya muda mfupi, hati ya kimila ni ya ardhi ya kijiji, na hata hiyo hati ya mjini ina miaka yake, 33, 66 au 99, kwa hiyo mtu anayenunua aulize imebaki mingapi. Na kama ni nyumba ya familia sheria ya ndoa ya 1971 inataka mke au mume aridhie, asije mzee mmoja na dalali wake halafu mama yuko ndani hajui kama anauziwa kwake.

Halafu hii ya "viu ya ziwa", "ploti ya bichi". Sheria ya mazingira ya 2004 imekataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sisi wa mwaloni tuliona wenyewe maji yalivyopanda 2020 yakaingia kwenye vibanda na majumba ya watu. Anayeandika viu ya ziwa aandike na mita ngapi kutoka kwenye maji.

Ombi langu Mhariri, najua na gazeti lako linachapa matangazo madogo, tafadhali msipokee tangazo la nyumba bila kusema milango mingapi, geti na LUKU ni vya nani, choo kiko wapi, kama haijaisha imefikia wapi, linta, bati, lipu, na hati ni aina gani yenye jina la nani. Madalali nao wafanye hivyo hivyo, wengi ni vijana wetu na sina ugomvi nao, ila kila nikienda kuona nyumba natoa elfu ishirini ya usumbufu, na nimeshatoa mara kumi na moja.

Jumamosi naenda Kiseke. Nimempigia yule kijana kabla, nikamuuliza hayo yote moja moja, akanijibu vizuri tu, akasema mama hakuna aliyewahi kuniuliza hivi.

Muuza dagaa, Kirumba, Mwanza