Barua kwa Somoe: kabla hujawaongoza vijana baharini na porini

Mikindani, Mtwara
8 Juni

Mpendwa Somoe,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo Lindi. Unataka kuwa mkufunzi wa kuwatoa vijana darasani na kuwapeleka baharini na porini, na unauliza uanze na cheti gani. Shoga yangu, vyeti vitakuja. Anza na maji.

Kazi yenyewe ilizaliwa na bahari. Mwaka 1941, vita vikiendelea, mwalimu Kurt Hahn na mwenye meli Lawrence Holt walifungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Holt alikuwa ameona kwamba meli ikizamishwa, mabaharia vijana hukata tamaa upesi kuliko wazee walioizoea bahari. Ndipo wakaona kijana afundishwe kustahimili kabla shida haijamkuta. Huku kwetu Afrika Mashariki shule ya namna hiyo ilisimama Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya. Sisi wa kusini tuna mwalimu mwingine: bamvua, yaani maji makuu.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Siku hizo maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, saa ile ile ambayo kikundi kimekwisha kunywa chai na kina hamu ya kutembea hadi kwenye matumbawe. Maji hujaa kwa muda wa takriban saa 6, lakini si kwa mwendo mmoja. Gawa ongezeko lote sehemu 12: saa ya kwanza inachukua sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3 ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25. Kijana akiona saa nzima imepita na maji hayajafika gotini, anadhani ana nafasi. Saa ya tatu ikiisha, pale aliposimama pana mita moja na nusu.

Na kina si hatari pekee. Maji hutangulia kujaza mkondo ulio nyuma yenu, kati ya fungu la mchanga na ufuko, huku mbele kukiwa bado kukavu. Watu hukatiwa njia wakiwa wanaangalia samaki. Kwa hiyo ingieni saa 2 kabla ya maji kupwa kabisa, na mgeuke maji yanapofika mwisho wa kupwa, msingoje kuyaona yakirudi. Chomeka kijiti ukingoni mwa mkondo mnapovuka na mwache mtu mmoja akiangalie. Kabla ya yote, waulize wanawake wanaochokoa pweza mahali hapo, maana wao wanajua mkondo upi umehama msimu huu. Ukienda Msimbati utakuwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, basi shughulikia kibali mapema. Kila mtu avae viatu vya kufunga, si kandambili. Anayechomwa na samaki mwenye sumu, mguu uingie kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Jaribu maji hayo kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu aliye na maumivu makali hataona kwamba anaungua.

Ngalawa na upepo wa kusi ni somo la peke yake. Tokeni alfajiri, kwa kuwa upepo huzidi nguvu mchana. Laifu jaketi ipime hivi: ikaze, kisha inue kwa mabega. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na itamvuka mtoto majini.

Ukipanda nyanda za juu za Makonde, tatizo linageuka. Mchanga kule hunywa mvua yote, mito haipo, na maji ya kijiji si ya kuyategemea kwa watu 15 wasiotarajiwa. Hesabu lita 3 hadi 4 kwa mtu kwa siku ya kutembea, na kumbuka lita moja ni kilo moja mgongoni. Mzigo wa kijana usizidi moja ya tano ya uzito wake. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa kutembea, inasema kilomita 5 kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtu mzima kwenye njia nzuri. Kwa vijana wenye mizigo panga kilomita 3, na kwenye mchanga 2.

Mzembe mkubwa ni kiongozi anayetangulia, akapumzika, kisha akaondoka mara tu wa mwisho wanapofika. Hao wa mwisho hawapumziki kabisa, na ndio wanaoanguka. Weka wenye mwendo mzito karibu na mbele, na msaidizi nyuma kabisa ambaye hapitwi na mtu. Usitoke na watu chini ya wanne: mmoja akiumia, mmoja abaki naye, wawili waende kutafuta msaada.

Joto la Desemba hadi Machi lipe heshima yake. Mwili wa mgeni unahitaji siku 7 hadi 14 kulizoea. Anayepepesuka na kujibu ovyo, mpoze kwanza hapo hapo: kivulini, mmwagie maji, mpepee bila kuacha. Akiwa hajitambui vizuri usimnyweshe. Aliyeharisha na bado anajitambua apewe lita 1 ya maji safi yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Aliyeumwa na nyoka usimchanje wala usimfunge kamba ya kubana. Mtulize, usimtembeze, mbebeni hospitali.

Sasa vyeti. Huduma ya kwanza ya msingi unaipata kwa Msalaba Mwekundu. Baadaye tafuta ile ya maeneo ya mbali na hospitali, ambayo huchukua saa 70 hadi 80, na cheti chake huisha baada ya miaka 2 au 3. Mweka, chuo kilichoanzishwa mwaka 1963, ni kizuri ukiegemea wanyamapori. Kozi ghali za kukwea miamba ziache kwa sasa. Wakati huo huo jitolee na skauti, na kila safari iandike daftarini: tarehe, mahali, saa, hali ya hewa, idadi ya watu, na wewe ulifanya nini hasa. Mwajiri makini atalisoma daftari hilo kuliko karatasi yenye muhuri.

Na jioni, kabla hawajalala, waulize vijana: nini kimetokea leo, kwa nini, na kesho mtafanyaje? Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu kuliko kubeba mzigo, lakini bila hicho umewatembeza tu.

Niandikie unakuja lini. Nitatazama mwezi, siku yako ya kwanza iangukie bamvua, uje na daftari na viatu vya kufunga.

Wasalaam,
Zuhura