Barua ya malalamiko: seti ya bastola za kauboi yenye risasi zisizoruhusiwa uwanjani

Kikundi cha wapiga shabaha wazungumzao Kiswahili,
Texas, Marekani.

Meneja wa Huduma kwa Wateja
(jina la kampuni limehifadhiwa)

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA ANAYEANZA SHABAHA YA KAUBOI NA KIJITABU CHAKE

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Tunalalamikia seti mnayowauzia wanaoanza mchezo wa shabaha ya kauboi: rivolva mbili za .357 Magnum zenye mtutu wa inchi 5.5, boksi moja la risasi 50, na kijitabu cha maelekezo kwa Kiswahili. Bastola zenyewe hatuna ugomvi nazo. Ni Ruger New Vaquero, imara, na mtu anayeanza akizipata hajakosea. Ubovu uko kwenye boksi na kwenye kijitabu. Wanaokisoma wengi wametoka Tanzania, Kenya na Kongo, ambako bastola ni kitu cha askari, kwa hiyo hawana kaka wala mjomba wa kuwaambia kwamba ukurasa fulani umekosewa. Mnachoandika ndicho watakachofanya.

Tuanze na boksi. Lebo inasema .357 Magnum, kichwa (sehemu inayoruka) cha greni 158 (greni ni kipimo cha uzito) kilichovikwa shaba, kasi futi 1,235 kwa sekunde. Kanuni za Single Action Shooting Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1987 na ambacho kanuni zake ndizo zinazofuatwa katika mchezo huu, zinataka kichwa cha madini tupu ya risasi, kisichovikwa wala kupakwa shaba, na kasi ya bastola isizidi futi 1,000 kwa sekunde. Boksi lenu limevunja masharti yote mawili kwa mpigo. Mteja akifika nalo uwanjani atazuiwa mezani kabla hajajaza hata moja.

Sababu mnaijua, au mlipaswa kuijua. Shabaha ni mabamba ya chuma, na yale ya bastola kwa kawaida husimamishwa yadi 7 hadi 10 tu kutoka kwa mpigaji, yaani kama mita 6 hadi 9. Kichwa laini kikigonga chuma husambaratika na vipande vyake vingi huishia chini ya bamba. Gamba la shaba huchanika vipande vyenye makali ambavyo hurudi vilikotoka, na anayempimia mpigaji muda na wanaohesabu shabaha zilizokoswa, waliosimama karibu, ndio wanaovipokea. Kasi ya magnum nayo huchimba chuma. Bamba likishachimbika huwa hatari hata kwa risasi halali zitakazofuata, maana kila kishimo hugeuza njia ya vipande na kuvirudisha kwa mpigaji.

Kilichotakiwa kuwemo ni .38 Special yenye kichwa cha madini tupu ya risasi cha greni 125, ncha bapa, kasi ya futi 750 hivi. Chemba (matundu ya silinda yanayobeba risasi) za bastola mliyouza zinaipokea bila kubadilisha chochote. Kanuni ina kiwango cha chini pia: zidisha uzito wa kichwa kwa kasi, gawanya kwa 1,000, upate angalau 60, na kasi isishuke chini ya futi 400. Hapa ni 125 mara 750 gawanya kwa 1,000, jibu 93.75. Imepita bila wasiwasi, na bastola yenye uzito wa kilo moja na ushei inatulia mkononi, dole gumba linaiwahi nyundo kabla mtutu haujapanda. Ile yenu ya magnum inafika 195, na huo wote ni mrusho ambao bamba halimlipi mtu chochote kwa kuuvumilia.

Idadi nayo haitoshi. Kituo kimoja, yaani zamu moja ya kupiga, kwa kawaida hula risasi 10 za bastola na 10 za bunduki ya wenzo (inayojazwa kwa kusukuma wenzo chini ya mkono). Vituo 6 ni risasi 60 na 60, jumla 120. Boksi la 50 halimalizi hata upande wa bastola. Mngemshauri mteja achukue bunduki ya .357 atumie .38 Special ileile kwenye silaha zote tatu, angenunua maboksi matatu na kubakiwa na akiba. Badala yake ukurasa wa 9 unapendekeza risasi za ncha ya mviringo kwa bunduki. Ndani ya bomba la bunduki ya wenzo risasi hulala kwa foleni, ncha ya moja ikiegemea fataki (kiwashio cha baruti kilicho kwenye kitako) ya iliyo mbele yake. Ncha isiyo bapa ikipata mtikisiko wa kutosha inaweza kuifyatua fataki hiyo bomba likiwa limejaa. Ndiyo maana tunasisitiza ncha bapa.

Ukurasa wa 4 unasema .38 Special na .357 Magnum "ni risasi moja, tumia yoyote". Si kweli. Ganda la .38 lina urefu wa milimita 29.3, la .357 milimita 32.8, na shinikizo la ya pili ni kubwa zaidi kwa mbali. Fupi huingia kwenye chemba ndefu. Kinyume chake ni kosa. Hata matumizi yanayoruhusiwa yana adha yake ambayo kijitabu hakiitaji: .38 ikipigwa kwa muda ndani ya chemba ya .357, masizi hujijenga kama pete pale ganda fupi linapoishia. Siku mtu akiweka risasi ndefu haizami yote, kitako kinabaki kimeinuka na silinda inagoma kuzunguka. Dawa ni brashi ya shaba ya chemba, isuguliwe kila baada ya mashindano.

Ukurasa wa 6 ndio uliotukera kuliko yote. Mmeandika "jaza silinda". Katika mchezo huu hujazwa risasi tano, na nyundo hulala juu ya chemba tupu, hata kama bastola ina kizuizi cha ndani kama hizi za Ruger. Wenye bastola za mtindo wa Colt ya 1873 huvuta nyundo nusu, huweka moja, huruka moja, huweka nne, huvuta nyundo hadi mwisho na kuishusha taratibu. New Vaquero haina hatua ya nusu: kilango cha kujazia kikifunguliwa nyundo ikiwa chini, silinda inaachia. Kwa hiyo jaza tano, funga kilango, kisha itazame bastola kwa ubavu kwenye ufa kati ya silinda na fremu. Vitako vya maganda vinaonekana pale, na palipo na nafasi ndipo nyundo inapotakiwa kulala. Sentensi nne tu zingetosha.

Ukurasa wa 11 unamwambia mwenye .45 Colt kwamba "Ruger zote" zinahimili risasi zenye nguvu za ziada. Hiyo ilikuwa Vaquero ya kwanza, ya mwaka 1993, yenye fremu kubwa. New Vaquero ya mwaka 2005 ina fremu ndogo inayokaribia ya Colt, na risasi zile haziifai kabisa. Na kwa kuwa mmeigusa .45: ganda lake lilibuniwa kwa baruti nyeusi ya kama greni 40. Ukitia baruti kidogo ya kisasa inalala chini ya ganda kubwa, ganda halibani ukutani na masizi yanarudi nyuma. Mlio ukisikika dhaifu, mpigaji asimame palepale na mtutu ukaguliwe, maana kichwa kinaweza kuwa kimekwama na kinachofuata kinaweza kuupasua.

Jambo la mwisho ni springi nyepesi ya nyundo mnayoiuza kwa malipo ya ziada. Springi hiyo na fataki ngumu za boksi lenu haviendani: nyundo inaacha alama ndogo, risasi hailii. Risasi isiyolia huhesabiwa kama kukosa, sekunde 5 kila moja. Ama uzeni springi ya kiwandani, ama risasi zenye fataki laini.

Tunajua maduka mengi hayapokei risasi zilizokwisha uzwa, lakini hizi ziliuzwa kwa jina la mchezo usioziruhusu. Kwa hiyo tunadai kila mnunuzi wa seti abadilishiwe boksi kwa maboksi matatu ya .38 Special yenye vichwa vya madini tupu ya risasi kwa gharama yenu. Kijitabu kiondolewe madukani hadi kurasa za 4, 6, 9 na 11 zirekebishwe. Na wenye New Vaquero za .45 waandikiwe onyo kwanza kabla ya jambo lolote jingine. Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nakala ya risiti, picha ya lebo ya boksi na kurasa tulizozitaja vimeambatanishwa.

Wenu,

Katibu,
kwa niaba ya wanachama.