Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: mwaka tuliojifunza kuandika

Wazee wetu mliotutangulia katika kalamu, shikamooni. Wanachama wenzangu, na ninyi vijana mliokuja leo kwa mara ya kwanza, hamjambo?

Mwaka jana nilisimama hapa nikajisifu. Nilisema chama chetu kina mikono mizuri ya kuchora katuni kuliko wengi hapa Dar es Salaam, nanyi mkapiga makofi. Mkutano ulipokwisha, mzee wetu mmoja, aliyechorea magazeti tangu enzi za kukwangua makosa ya wino kwa wembe, akanivuta pembeni. "Mwenyekiti, watoto hawa wanachora vizuri. Shida yao, hawana la kusema." Iliniuma, maana kati ya katuni zilizobandikwa ukutani siku ile na zangu zilikuwemo. Sehemu kubwa ya taarifa hii ni habari ya jinsi tulivyohangaika na neno lile.

Darasa la Jumamosi lilianza na wanafunzi 14, likamalizika na 9. Walioondoka waliondoka karibu wote ndani ya wiki ya tatu, pale tulipowanyang'anya penseli. Mwalimu alisimama imara: hakuna kuchora sura mpaka kisa kisimame. Kila mmoja alikisimulia kwa mdomo kwanza, kama anavyowasimulia wenzake kijiweni, kisha akakiandika fremu kwa fremu, yaani kisanduku kimoja cha picha baada ya kingine: hapa tunaona nini, nani yupo, nani anasema nini na nani ananyamaza. Halafu wenzake wakaanza kupunguza. Fremu ikiondolewa na kisa kikaeleweka vilevile, basi haikuwa na kazi. Kijana mmoja aliyekuja na ukurasa wa fremu 11 kuhusu foleni ya daladala aliondoka na fremu 4, amenuna. Wiki iliyofuata alirudi na fremu 3, anacheka mwenyewe.

Zoezi lililofuata lilikuwa la kuchora bila neno hata moja. Tuliwakumbusha Kingo, mhusika wa katuni za James Gayo, ambaye hasemi kitu na bado tunamwelewa. Hapo ndipo wengi walipogundua kwamba maneno yao yalikuwa yakirudia picha. Mtu amechorwa akilia machozi, puto la maneno juu ya kichwa linasema "ninalia". Tukawarudishia maneno baada ya hapo, wakawa wanayagawa kwa ubahili.

Ubahili huo tuliutafutia walimu karibu. Nilileta kanga za mke wangu (kwa ruhusa, na zote zimerudi) tukasoma majina yake. Anayetunga jina la kanga ana mstari mmoja tu, na ndani yake kuna jirani, mume, wifi na ugomvi mzima. Kila mwanafunzi akapewa jina moja atafute kisa kilicholizaa, kisha akichore. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" peke yake lilitoa visa vitano visivyofanana. Wazee wa kazi hii walikuwa na akili hiyohiyo katika kuwabatiza wahusika wao. Ukimwita mtu Ndumilakuwili, kama yule wa jarida la katuni la Sani, umeshamaliza nusu ya kumchora kabla hujagusa karatasi.

Sasa niseme jambo ambalo naona hatukuwa tumelifikiria vya kutosha. Vitabu na video nyingi za kufundisha katuni wanazotazama vijana wetu zimetengenezwa kwa lugha zenye maneno mafupi. Kiswahili hubeba sentensi ndani ya neno. "Hawajatulipa" ni herufi 12, na hapo hujasema ni kina nani wala ni fedha gani. Ukichora puto dogo la duara kama ulivyoona kwenye video, neno halitaingia. Utalibana mpaka msomaji atafute miwani, au utalikata mahali pabaya. Mmoja wetu alikata "hawajat-" mstari wa juu na "ulipa" wa chini, na wasomaji watatu wakadhani ni mtu anayeulizwa kama amelipa. Kwa hiyo sasa tuna kanuni, na nimeiandika ubaoni kwa rangi isiyofutika: maneno kwanza, puto baadaye. Piga mistari ya penseli, andika, hesabu silabi zako, ukilazimika kukata neno, kata kati ya silabi, ndipo ulizungushie puto. Anayeanza kusema akae juu kushoto. Na mchoro ujipange kulingana na puto, usilisukume pembeni kama mgeni asiyealikwa.

Kuhusu herufi: tunaandika kwa herufi kubwa, sawa, lakini king'ong'o, ile sauti ya ng', kina alama yake. Binti mmoja alichora mtu kwa daktari wa meno, puto linasema "NGOA HILI". Kung'oa na ngoa ni mbali. Ngoa ni wivu. Tulicheka, naye akakubali kisa kibadilike kiwe cha mtu mwenye wivu na meno ya mwenzake. Ndicho kilichopendwa kuliko vyote kwenye kijarida chetu.

Na sauti. Nilikuwa nimechoka kuona mtu wa Mbagala anaanguka kwenye mtaro na maandishi yanasema "BOOM". Tulitenga Jumamosi nzima kwa tanakali za sauti, tukajaza ubao: anguka pu, tumbukia chubwi, katika kacha, giza tititi, nyamaza jii, lowa chapachapa. Hakuna aliyehitaji kamusi. Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake alibaki mlangoni akatuongezea mengine, mpaka nafasi ikaisha. Tazameni kurasa za miezi ya mwisho zilizobandikwa pale mlangoni: mvua inanyesha kwa Kiswahili.

Wenzetu wawili waliotoka kwenye uchoraji wa Tingatinga walikuwa na shida ya aina nyingine. Wamezoea kujaza ubao wote kwa rangi inayong'aa, ndege juu ya ndege, hakuna sehemu iliyobaki uchi. Kwenye fremu ya sentimita nane weupe ndio unaompa mhusika pumzi. Walikataa, wakabishana, na mmoja bado anakataa. Mimi nimemwachia, kwa sababu kurasa zake zinasomeka kwa namna yake.

Simu pia ilitufundisha. Ukanda wa fremu nne za kulala, uliotengenezewa gazeti, ukiutia kwenye kioo cha simu maandishi yanakuwa madogo kama sisimizi wa sukari. Sasa tunachora kila fremu kwenye kipande chake cha karatasi ili tuweze kuzipanga kulala kwa ajili ya kuchapa, au kusimama kwa ajili ya simu. Wenye kompyuta wanatumia Krita, programu ya kuchorea ambayo ni bure. Wasio nayo, penseli ya HB, kalamu nyeusi na manila vinatosha, na kazi mbili bora za mwaka zilichorwa hivyo.

Kijarida chetu kilitoka, lakini niwaambie na aibu yake. Ni karatasi moja ya A4, mikunjo, mkato mmoja katikati, unapata kurasa 8 bila pini. Nusu ya kurasa hizo lazima zichapwe kichwa chini ili zikikunjwa zisimame. Tuliokwenda steshenari tulikuwa watatu na kila mmoja alidhani mwenzake amekagua. Tulikunja nakala 200 usiku, asubuhi tukakuta kichekesho kinatangulia kisa chake na ukurasa wa tano unasimama kwa kichwa. Gharama ya kopi za pili ililipwa na sisi watatu, haimo kwenye hesabu za chama. Tangu siku ile tunakunja moja ya mfano kabla ya kulipia.

Hesabu zenyewe mweka hazina atazisoma. Kwa kifupi, ada inaingia kwa kusuasua, na tunaishi kwa sababu chumba ni cha kuazima.

Kilichoniuma zaidi mwaka huu ni fedha tuliyoifanyia kazi tusiipate. Taasisi moja, sitaitaja, ilituomba mfululizo wa katuni za elimu ya afya. Wachoraji wanne walikesha. Kazi ikatumika, ikabandikwa, kisha tukaiona mahali pengine bila majina yetu na saini zimekatwa. Kosa la upande wetu ni langu: nilikubali kwa mdomo, kwa kuheshimiana, bila karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada yake, lakini bila makubaliano ya maandishi nilikuwa na maneno matupu mezani. Katibu ameandaa fomu ya ukurasa mmoja: kazi gani, itatumika wapi, kwa muda gani, malipo lini, michoro halisi inabaki kwa nani. Kuanzia leo hakuna mwanachama anayechora kwa jina la chama bila fomu hiyo, mwenyekiti akiwemo. Wanne wale wamelipwa nusu kutoka mfuko wetu. Nusu iliyobaki ni deni, nami nimeliandika kwenye kitabu kama deni la chama.

Kwa mwaka ujao naleta hoja mbili mzipigie kura. Ya kwanza, darasa la kuandika liwe la lazima kwa mwanachama mpya, kabla ya darasa la kuchora. Najua kuna wanaopinga, na mmoja ameshanichora nikiwa nimeshika fimbo. Picha inafanana sana, puto lake ni dogo mno. Ya pili, ada ipande ili tupate chumba chetu wenyewe. Mwenye chumba hiki ametuarifu kwamba atakihitaji baada ya sikukuu.

Mzee wetu wa wembe hakuweza kufika leo kwa sababu ya miguu. Nilimpelekea kijarida Jumatano. Alikisoma chote, akarudi kwenye ukurasa wa meno, kisha akaomba penseli akasahihisha mkono mmoja wa yule daktari. Nakala hiyo ninayo hapa, mtaipitisha wakati katibu anagawa karatasi za kura.