Huyo Si Nyuki, Shoga

Tanga

Mpendwa Zuhura,

Hujambo na watoto? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutesa.

Video yako nimeitazama, nikairudia. Huyo aliyekuzuia kuchuma kunde si nyuki, shoga, ni nzi wa maua. Mistari ya njano na nyeusi ni ya kutishia ndege tu, wamdhanie ana mwiba. Hata ukimshika hakufanyi kitu.

Wengi husema hesabu mabawa: nyuki manne, nzi mawili. Kweli, ila nyuki akiruka hulifunga bawa la nyuma kwenye la mbele kwa vijindoano vidogo sana, yakaonekana mawili. Mimi huanza na kichwa. Huyo wako macho yamemjaa karibu uso mzima, na papasi zake, vile vipembe vya kichwani, ni fupi hata huzioni vizuri. Za nyuki ni ndefu, zimepinda kama kiwiko. Miguu ya nyuma nayo ni myembamba mitupu, haina mabonge ya chavua, ule unga wa maua. Na ulivyomnasa amesimama hewani kimya, mara kachomoka upande! Nyuki wa asali hana mbwembwe hizo.

Sasa ile dawa ya wadudu unayotaka kupuliza kwenye kunde usinunue kwanza. Geuza majani yenye vidukari, vile vijidudu vinavyofyonza utomvu, utakuta funza mdogo wa nzi huyu, asiye na miguu, kijani au rangi ya maziwa, mbele kachongoka. Haoni, anapapasa tu. Akimgusa kidukari humnyanyua juu na kumfyonza mpaka libaki ganda. Mmoja humaliza mamia kabla hajageuka nzi. Huyo uliyemwogopa huenda ni mama yao, anatafuta pa kutagia. Ukipuliza utawaua wote, kisha vidukari watarudi wa kwanza, maana majike yao huzaa bila hata kungoja dume.

Wapo pia nzi wakubwa wa kahawia, hao wamefanana na nyuki kupita kiasi. Funza wao hukaa kwenye maji machafu, ana mkia mrefu wa kupumulia. Ukimwona mtaroni usipige kelele.

Kama sisimizi wamejaa kwenye kunde, hao ndio wa kushughulikia. Wanawalinda vidukari kwa ajili ya ule utamu wanaoutoa, na funza wetu wanafukuzwa. Mwaga majivu shinani.

Nipigie picha ya chini ya jani, kwa karibu. Mama msalimie sana.

Wako,
Mwanaidi